Daktari Aliyenyimwa Ruhusa ya Kufeli

Nchi ya Tulizo haipo kwenye ramani yoyote, na wenyewe wanashukuru, maana nchi iliyo kwenye ramani hutembelewa na wakaguzi. Kwa hiyo msomaji usianze kukodoa macho ukitafuta ofisi unayoifahamu. Haya yalitokea huko, mbali, kwa watu wengine kabisa. Kama waziri wao anafanana na wa kwenu, basi ni mambo ya sura tu, na sura hazina mwenyewe.

Tulizo ilikuwa na tatizo. Serikali ilipeleka madaktari kusomea ubingwa, na kila mwaka baadhi yao wakaishia njiani. Mmoja alioa akahamia kwao mke, mwingine akafungua duka la simu, na mwingine alizimia kila alipoona damu, jambo ambalo kwa mpasuaji lina usumbufu wake. Waziri wa Afya akasimama bungeni, akasema hasara hiyo haivumiliki.

"Kwa nini tusubiri miaka yote hiyo kujua nani atafaulu," aliuliza, "wakati tunaweza kujua kabla hajaanza?"

Wabunge wakapiga meza. Ikaundwa Mamlaka ya Kutabiri Mabingwa, ikapewa jengo lenye lifti, na kazi ya kuiongoza akapewa Profesa Ngulumbi. Yeye hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hali ya hewa, na kwa miaka mingi alitabiri mvua kwa ustadi mkubwa, ila mvua yenyewe ndiyo ilikuwa haimpi ushirikiano. Serikali iliona kwamba mtu mwenye uzoefu wa kutabiri asipotezwe kwa sababu ya mawingu.

Utafiti wa Profesa ulikuwa wa kina. Aliwakusanya watu waliofaulu nchini, yaani mawaziri, makatibu wakuu na yeye mwenyewe, akatafuta wanachofanana. Hawakufanana kwa elimu, wala kwa bidii, wala kwa maneno yao ya jana na ya leo. Walifanana kwa kitu kimoja tu: wote waliweza kukaa kwenye kiti wakati wa sherehe, tangu mgeni rasmi anaposubiriwa hadi anapoondoka, bila kunyanyuka. Hapo sayansi ikapata jibu lake, na kikaanzishwa Kipimo cha Kukaa.

*

Miongoni mwa madaktari walioitwa kupimwa alikuwamo kijana mmoja, Nuhu Lusesa. Alikuwa na mikono iliyotulia, aibu nyingi kuliko inavyohitajika, na hamu moja maishani: kuwa mpasuaji. Mama yake, Bi Zamda, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na tangu Nuhu angali mdogo alikuwa akimtambulisha kwa wageni kama daktari, hata siku alipokuwa amejipaka uji.

Watahiniwa wakapangwa ukumbini, kila mmoja na kiti chake cha plastiki. Nuhu alipoketi, suruali yake ya mtumba iliachia mshono nyuma, kuanzia mkandani kwenda chini. Aliusikia mlio. Jirani yake, Dokta Mwanne Sekiete, aliusikia pia, akauma midomo asicheke. Walisoma chuo kimoja, na Mwanne alikuwa mwepesi wa kutania na mwepesi zaidi wa kuinuka.

"Pole," alinong'ona. "Leo umefungwa kiti na Mungu mwenyewe."

Mgeni rasmi alikuwa Waziri, na alichelewa kama inavyostahili cheo chake. Wasimamizi wa Mamlaka walipita kati ya mistari, wakiinama kwa heshima kuhakikisha hakuna mwanga unaopenya kati ya mtahiniwa na kiti. Joto likapanda. Waziri akafika, akaanza kusoma hotuba juu ya upendo kwa wagonjwa.

Alipokuwa kwenye ukurasa wa upendo wenyewe, mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa amesimama juani tangu asubuhi kumsubiri, alianguka akaanza kutetemeka mwili mzima. Ukumbi ulikuwa umejaa madaktari. Walimtazama yule mama kwa huruma ya kitaalamu, wakiwa wamekaa. Waziri alitua kidogo, akaona hakuna aliyenyanyuka, akaendelea na hotuba. Mwanne peke yake ndiye aliyesimama, akaruka miguu ya watu, akamgeuza yule mama ubavu, akamlegezea nguo, akamtoa nje kwa kusaidiana na mpiga kinanda.

Nuhu alitaka kwenda. Mkono wake uliondoka kwenye kiti, nusu ya mwili ikainuka, halafu akakumbuka suruali. Akakaa. Aliona aibu ya suruali kwanza, kisha akaona aibu ya ile aibu, na hii ya pili haikumtoka tena.

Matokeo yalitangazwa redioni, kwenye taarifa ya habari, baada ya salamu za Mkuu wa Nchi. Nuhu Lusesa alikuwa wa kwanza kitaifa. Ripoti ilisema hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuondoka, hata baada ya Waziri kuondoka. Mwanne Sekiete alitabiriwa kushindwa, kwa sababu hana uwezo wa kukaa. Kule nyumbani kwa Bi Zamda majirani walikuja na masufuria, na mama mtu alilia kwa furaha mpaka sauti ikamkauka.

*

Nuhu aliripoti Hospitali Kuu ya Taifa akiwa na glavu mpya mfukoni. Akapelekwa kwenye chumba chenye zulia.

"Hiki ni chumba cha waliotabiriwa," alielezwa na katibu. "Karibu, chai iko pale."

"Chumba cha upasuaji kiko wapi?"

Katibu alimwangalia kama mtu aliyeulizia jiko kwenye harusi aliyoalikwa. Akamfafanulia taratibu. Kumfundisha mtu ambaye atafaulu ni kupoteza muda, kwa kuwa atafaulu. Wanaohitaji kuhangaika na wagonjwa ni wale watakaoshindwa, ili wapate nafasi ya kutosha ya kushindwa. Waliotabiriwa walikuwa na semina: Jinsi ya Kupokea Mafanikio, Mafanikio na Mavazi, na nyingine ya kupiga picha.

Basi ikawa hivyo. Mwanne na wenzake wa upande wa kushindwa walipasua, walishona, walikesha wodini. Mgonjwa akipona, liliandikwa jina la daktari aliyetabiriwa, maana anayeponya hawezi kuwa aliyetabiriwa kushindwa, huko kungekuwa kuichanganya serikali. Mgonjwa akifa, iliandikwa kwamba hakutoa ushirikiano. Mabingwa wa zamani, waliofundisha kwa miaka mingi, walikuwa wamestaafishwa kwa heshima zote, kwa kuwa hawakuwahi kutabiriwa na haikujulikana walifaulu kwa idhini ya nani. Aliyesalia ni Bwana Mtawali, mzee wa kuwalaza wagonjwa usingizi. Mamlaka ilikuwa imesahau kwamba wagonjwa hulazwa usingizi.

Nuhu alianza kuota ndoto mbaya. Jina lake lilikuwa limeshapasua nusu ya mji, na watu asiowajua walimsimamisha barabarani kumshukuru, wakimshika mikono ambayo haikuwa imegusa kitu isipokuwa vikombe. Siku moja alimvizia Mwanne kwenye korido, akamwomba amfundishe kwa siri.

Mwanne alikuwa amesinzia kwa kuegemea ukuta. Akafungua jicho moja.

"Nuhu, nilishaonywa. Kumfundisha aliyetabiriwa ni kumtilia shaka, na kumtilia shaka ni kuitilia shaka Mamlaka. Wakinikuta na wewe chumba cha upasuaji, mimi naondoka, na wewe unapewa nishani ya uvumilivu."

"Mimi sijui kitu, Mwanne."

"Najua. Nami ndiye ninayepasua kwa jina lako, kwa hiyo nakudai usingizi." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Nenda ukawaambie wakufelishe. Ukifeli utakuja huku kwetu, ndiko kuna shule."

*

Nuhu akapiga moyo konde, akapanda lifti ya Mamlaka. Profesa Ngulumbi alimpokea kwa mikono miwili. Ukutani kulikuwa na picha ya wingu.

"Mheshimiwa Profesa," Nuhu alisema, "nimekuja kuomba nifeli."

Profesa alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, akavua miwani.

"Kijana, nani anakusumbua?"

"Hakuna. Sijawahi kumpasua mtu. Sijawahi hata kushona kidonda. Nikipewa mtihani leo sitajua nianzie wapi. Naomba nipewe huo mtihani, nifeli, nianze upya kama mwanafunzi."

"Huwezi kufeli."

"Naweza, Profesa. Nina hakika naweza."

"Sijasema huna kipaji cha kufeli. Nasema huna ruhusa." Profesa aliinuka akazunguka meza, akaanza kuongea kana kwamba kuna maikrofoni. "Wewe ni utabiri wa taifa. Ulitangazwa baada ya salamu za Mkuu wa Nchi. Ukifeli wewe, hatufeli mimi na wewe tu, anafeli Waziri aliyetuamini, linafeli Bunge lililopiga meza, na wafadhili walionunua hii lifti watauliza maswali. Mvua ilinidhalilisha kwa sababu mvua haina nidhamu. Sasa nimepata kitu cha kutabiri ambacho kinaweza kuamriwa. Nawe unataka kuninyeshea?"

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa wana imani kubwa na wewe. Takwimu zinaonyesha." Alimpiga bega kwa upole. "Hata huku kuja kwako kuomba kufeli ni dalili njema. Utafiti unasema anayefaulu huwa mnyenyekevu. Nitaiweka kwenye ripoti."

Nuhu alishuka kwa ngazi, maana lifti ile hakuitaka tena.

*

Mwaka ulipokuwa unakaribia mwisho, Bi Zamda aliletwa hospitali amekunjamana, akishikilia tumbo upande wa kulia. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba na kilikuwa karibu kupasuka. Wauguzi walimpokea kama mama wa mfalme. Yeye mwenyewe, katikati ya maumivu, aliwaambia wagonjwa wa wodi nzima wasiwe na wasiwasi juu yake.

"Mimi nitapasuliwa na mwanangu," alisema. "Asije mwingine. Nuhu, mwanangu, uko wapi?"

Nuhu alimshika mkono. Alitaka kumwambia. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni, machache tu: mama, mimi sijui. Lakini mama yake alikuwa anamtazama kwa furaha iliyoshinda maumivu, na wodi nzima inasikiliza, na aibu yake ya siku zote ikamkalisha.

"Niko hapa, mama," alisema.

Bwana Mtawali alipomlaza mgonjwa usingizi, Mwanne akaingia kwa mlango wa nyuma, akafunga barakoa. Alimwonyesha Nuhu chuma cha kutanulia jeraha.

"Shika hapa. Vuta kwako. Usiangalie uso wa mama yako, angalia mikono yangu."

Nuhu aliangalia. Aliona kisu kinavyopita bila papara, aliona damu ikizuiwa kabla haijatapakaa, aliona kile kidole kilichovimba kikitolewa, cheusi kwenye ncha. Katika semina zake zote hakuwahi kujifunza hata robo ya alichojifunza akiwa ameshika kile chuma. Mwishoni Mwanne akamnyooshea sindano.

"Shona ya mwisho wewe. Moja tu."

Mkono wa Nuhu ulitetemeka mpaka sindano ikagonga chombo. Ngozi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya mama yake. Akatikisa kichwa. Mwanne akashona ya mwisho, akakata uzi, akatoka kwa mlango ule ule wa nyuma.

*

Mamlaka haikuiacha nafasi hiyo ipite. Bi Zamda alipopona, iliandaliwa sherehe, na safari hii hakuna aliyesimamishwa juani kwa kuwa mvua ilinyesha, licha ya kutotabiriwa. Bi Zamda alipandishwa jukwaani. Akasema yeye si msemaji, ila ana ushahidi, akasogeza kitenge kidogo ubavuni ili watu waone. Mawaziri wakageuza nyuso kwa adabu, kisha wakazirudisha.

"Angalieni mshono wa mwanangu," alisema Bi Zamda. "Umenyooka utafikiri wa cherehani."

Ukumbi ukapiga makofi. Nuhu naye akapiga, hakujua la kufanya na mikono. Mwanne alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi kwa kuwa viti vilikuwa vya waliotabiriwa. Macho yao yalikutana. Ilikuwa ni nafasi ya Nuhu ya kunyanyuka na kusema, hapakuwa na kizuizi, suruali yake ilikuwa nzima. Akakaa.

Profesa Ngulumbi akatangaza mambo mawili. La kwanza, Dokta Nuhu Lusesa ameteuliwa mkuu wa idara ya upasuaji, na kwa cheo hicho atapewa shangingi lenye bendera. La pili lilihusu waliotabiriwa kushindwa. Mwaka ulikuwa unaisha na wengi wao walikuwa bado hawajashindwa, jambo linaloleta sura mbaya kitakwimu, kwa hiyo Mamlaka imeamua kuwasaidia. Wote wanahamishwa kwenda wilayani kusimamia ugawaji wa vyandarua. Dokta Mwanne Sekiete atakwenda Gumba, kule ambako barabara ya lami inakatikia njiani.

Kesho yake aliondoka na begi moja. Nuhu alimsindikiza mpaka getini.

"Ungeweza kusema," Mwanne alimwambia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Nuhu zaidi. "Neno moja tu pale ukumbini. Mimi nisingekuangusha."

*

Haikupita wiki, Bi Zamda akaja hospitali kwa miguu yake, amemshika mkono mdogo wake, Bi Hidaya. Bi Hidaya alikuwa amejikunja vile vile alivyojikunja dada yake, na ametota jasho.

"Nimekuletea mama yako mdogo," alisema Bi Zamda. "Ni kile kile kilichokuwa changu. Alitaka kwenda kwa waganga wake huko, nimemwambia ana wazimu, mwenye mikono yupo." Akatoka kwenye korido kuwaonyesha wengine mshono.

Nuhu alimlaza Bi Hidaya kitandani, akamminya tumbo kidogo. Lilikuwa gumu upande wa kulia, na alipoachia, mgonjwa alishtuka kwa maumivu. Hakukuwa na shaka. Katika jengo lile lote, lenye vyumba vinne vya upasuaji na zulia, hakukuwa na mtu mmoja wa kumpasua. Walikuwepo mabingwa watarajiwa, nao walikuwa kwenye semina ya mavazi.

Bi Hidaya alimtazama muda mrefu. Alikuwa mwoga wa sindano tangu utoto, ndiyo maana aliuliza.

"Baba, nikuulize, usikasirike. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, umeshampasua nani?"

Katika nchi nzima ya Tulizo, tangu Mamlaka iundwe, hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Wabunge hawakuuliza, wala Waziri, wala wafadhili. Nuhu alihisi ile aibu ya zamani ikimshika mabega imkalishe, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba akikaa tena, mtu huyu atakufa.

"Sijampasua mtu, mama mdogo," alisema. "Hata mmoja."

"Na dada?"

"Si mimi."

Bi Zamda alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kitenge chake, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Alishusha kitenge taratibu akaufunika mshono.

"Basi aliyempasua dada yangu yuko wapi?" aliuliza Bi Hidaya.

"Gumba. Anagawa vyandarua."

Bi Hidaya alijiinua kwa kiwiko, akajifunga kanga kiunoni huku akiuma meno. "Hilo gari lako la bendera lina mafuta?"

Nuhu akapiga simu. Mwanne alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Chumba cha upasuaji kipo," alijibu. "Kimejaa marobota ya vyandarua hadi darini, hapa waliona sitakihitaji. Naanza kuyatoa sasa hivi. Mje na Bwana Mtawali na dawa zake, na vyombo vyote utakavyoweza kuiba. Na Nuhu, safari hii kisu utashika wewe. Nitakuwa ubavuni kwako. Sitaki kusikia habari ya kutetemeka."

"Nitatetemeka."

"Tetemeka njiani, basi, ukifika uwe umemaliza."

Bwana Mtawali alikaa mbele, amepakata sanduku la dawa. Bi Hidaya alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa dada yake. Bi Zamda alikuwa ameweka mkono mmoja kwenye paji la mgonjwa na mwingine juu ya tumbo lake mwenyewe, pale penye mshono, na alikuwa akitazama nje. Nuhu aliomba moyoni mama yake amkemee, amtukane hata kidogo, lakini hakupata hata hilo.

Lami ilikatika kama ilivyoahidiwa. Gari likaanza kuruka kwenye mashimo, na Bi Hidaya akawa anaguna kila mruko. Redio ilijiwasha yenyewe, maana magari ya serikali ya Tulizo yalitengenezwa yajiwashe taarifa ya habari ikifika. Baada ya salamu za Mkuu wa Nchi, ikasikika sauti ya Profesa Ngulumbi akisoma ripoti ya mwaka. Utabiri wote umetimia, alisema, hakuna hata mmoja uliokosea. Akatoa mfano wa Dokta Nuhu Lusesa, ambaye wakati huu tunapozungumza, ndugu wananchi, yuko kwenye kituo chake cha kazi, ametulia, anaokoa maisha.

Nuhu hakuondoa macho barabarani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya usukani.

"Zima hiyo redio, mwanangu," alisema Bi Hidaya kutoka nyuma. "Tumbo linaniuma."